Wakiniuliza kwa nini niliondoka kiwandani, niseme nini?

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri.

Nina miaka 28, nina mtoto mmoja wa miaka mitatu, na kwa sasa naishi Sengerema kwa wazazi wangu. Nina stashahada niliyoipata chuo cha uvuvi pale Nyegezi. Baada ya chuo nilipata kazi ya udhibiti wa ubora, QC kama tunavyoitana, kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Nilikaa miaka miwili kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja.

Nilipangwa mapokezi, zamu ya usiku. Lori likifika kutoka mwaloni, samaki wanakoshushwa, nachoma themometa kwenye samaki, naandika joto kwenye fomu, naangalia macho na matamvua, nasema huyu apite na huyu arudi. Kazi naipenda, na naijua.

Usiku mmoja liliingia lori lenye barafu kidogo sana. Samaki wa chini walikuwa wanaogelea kwenye maji ya vuguvugu. Nilichoma nikapata nyuzi 9, nikachoma wengine, ikawa hivyo hivyo. Nikaandika 9. Msimamizi wa zamu akaniambia niandike 3, mzigo unasubiriwa na ndege haiwezi kungoja. Nikakataa kwa heshima. Asubuhi nikakuta fomu nyingine imejazwa upya, mwandiko si wangu, na pameandikwa 3. Nikapiga picha fomu zote mbili kwa simu yangu. Jambo hilo likajirudia, nami nikakataa tena, nikahamishiwa upakiaji. Mkataba ulipoisha haukuendelezwa. Sikupewa barua wala maelezo. Ni miezi saba sasa niko nyumbani.

Sasa kiwanda kingine, upande wa Ilemela, kimeniita kwenye usaili. Ni Jumanne ya wiki ijayo saa tatu asubuhi. Wamesema kutakuwa na maswali ya kuandika, kisha vitendo, halafu mahojiano. Nimefurahi, lakini usiku silali kwa sababu ya swali moja: kwa nini uliondoka kazini?

Kaka yangu anasema niifute ile miaka miwili kwenye CV, niseme nilikuwa namuuguza mama na kuuza dagaa. Mama aliugua kweli, lakini si miaka miwili. Rafiki yangu tuliyekuwa naye kiwandani anasema niende na zile picha niwaonyeshe, wajue mimi ni mtu wa aina gani. Mjomba naye anamfahamu mtu anayesema kwa shilingi laki tatu nafasi ni yangu. Juu ya yote nimesikia kwamba mmoja wa watakaonisaili ni rafiki wa bosi wangu wa zamani. Naogopa ameshaambiwa kuwa mimi ni mkorofi.

Mengine ni madogo: jina langu la katikati kwenye cheti cha kidato cha nne limekosewa herufi moja, si kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Kiingereza naandika vizuri ila kuongea nagugumia. Na sijui nitaje mshahara gani. Kule nilikuwa nalipwa laki nne na nusu kabla ya makato.

Nisaidie Mama.

Mama Mmoja, Sengerema

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa miezi hii ya kukaa na jambo zito peke yako.

Kama nimekuelewa, kazi yenyewe haikuogopeshi. Kinachokunyima usingizi ni dakika mbili za mahojiano, na watu watatu wanaokutakia mema wamekupa majibu yasiyopatana: kaka anasema ficha, rafiki anasema fichua, mjomba anasema lipa. Wewe mwenyewe, nikisoma kati ya mistari, unataka kusema kweli bila kuonekana mgomvi. Tuanzie hapo, halafu twende kwenye maandalizi, kwa sababu nadhani hayo mawili yanahusiana kuliko unavyodhani.

Kwanza niulize kitu, na nakiuliza kwa upole. Unajuaje kwamba mkataba haukuendelezwa kwa sababu ya ile tisa? Inawezekana kabisa. Lakini hakuna aliyekuambia hivyo kwa kinywa wala kwa barua. Viwanda vya minofu kanda ya ziwa vimekuwa vikifanya kazi chini ya uwezo wake kwa sababu sangara wamepungua, na mzigo ukipungua, mikataba ya mwaka ndiyo huachwa iishe. Sisemi msimamizi wako hakukasirika. Nasema kwamba jambo unaloweza kulisimamia mbele ya wageni ni hili: mkataba ulifika mwisho na haukuendelezwa. Hiyo ni kweli, na si kweli nusu. Sababu iliyokuwa moyoni mwa mwajiri huijui kwa uhakika, na hakuna anayekudai uithibitishe kwenye usaili.

Na huyo rafiki wa bosi, umemsikia kwa nani? Watu wa ubora Mwanza wanafahamiana: wengi wamepita chuo kilekile, wanakutana kwenye mafunzo, wanapeleka sampuli maabara moja ya Nyegezi. Kufahamiana huko hakuna maana kwamba wanakubaliana. Mtu anayebeba jukumu la ubora kwenye kiwanda chake, akisikia kuna binti alikataa kugeuza 9 kuwa 3, anaweza kuvutiwa naye. Anaweza pia kuona hapa kuna usumbufu. Huwezi kujua ni yupi kati ya hao wawili, kwa hiyo jibu lako linapaswa kukufaa kwa wote wawili.

Ushauri wa kaka una huruma ndani yake, anataka kukuepusha na aibu. Tatizo ni kwamba miaka miwili ya ajira rasmi huacha nyayo. Kama mwajiri alikuwa anakukatia NSSF, namba yako ya uanachama ni ileile maisha yote, na michango inaonyesha ni nani aliyekuwa anachangia na tangu lini. Ofisi ya rasilimali watu itakuomba namba hiyo wiki ya kwanza tu. Uongo ukijulikana ukiwa bado kwenye kipindi cha majaribio, kukuondoa ni rahisi, maana ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki hauanzi kabla ya miezi 6 ya ajira. Na kuna hasara nyingine kubwa zaidi: ukiifuta ile miaka, unafuta kitu pekee kinachokutofautisha na kijana aliyetoka chuo jana. Utakaa mbele yao ukiwa na miaka 28 na uzoefu sifuri. Kumuuguza mama unaweza kukitaja, kwa sababu ni kweli, lakini kama maelezo ya hii miezi saba na si zaidi.

Rafiki yako naye anasukumwa na uchungu wa haki, na namwelewa. Ila fikiria mezani upo na watu wasiokujua, unawatolea picha za kumbukumbu za ndani za kiwanda kingine. Hata wakikupa heshima, mmoja wao atajiuliza: huyu akiondoka kwetu, atatoka na nini? Kumbukumbu zile ni mali ya mwajiri wako wa zamani, na huenda mkataba wako ulikuwa na kifungu cha kutunza siri, usome tena. Kama kinachokusumbua ni walaji wa wale samaki, hilo lina mlango wake, nao ni wakaguzi wa samaki wa Wizara ya Mifugo na Uvuvi, ambao ndio wenye mamlaka ya kuingia kiwandani na kufungua mafaili. Kwenda au kutokwenda kwao ni uamuzi tofauti na usaili, una hatari zake na faida zake, na unaweza kuupa muda wake. Usiuchanganye na Jumanne.

Juu ya laki tatu sina maneno mengi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Na mchezo huu unajulikana: mtu anachukua pesa kwa kila aliyeitwa, hafanyi lolote, aliyepata kazi kwa nguvu zake anaamini amesaidiwa, waliokosa wanazungushwa. Mjomba wako huenda hajui hilo. Mweleze kwa adabu. Akiwa na wasiwasi na mtu huyo, TAKUKURU wanapokea simu kwa namba 113 bila malipo.

Sasa ile dakika mbili. Jibu la swali la kuondoka kazini huharibika kwa urefu. Mtu anaanza vizuri, anaona wasaili wako kimya, anadhani hawajaridhika, anaongeza, na sentensi ya saba inakuwa malalamiko. Kimya chao mara nyingi ni kwamba wanaandika. Jaribu kitu kama hiki, kwa maneno yako mwenyewe: "Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Wa pili ulipoisha haukuendelezwa. Kwa muda huo nilisimamia mapokezi zamu ya usiku, kupima joto, kukagua ubichi wa samaki, kutenga mzigo usiokidhi na kujaza kumbukumbu, na mwisho nilifanya upakiaji." Halafu unanyamaza. Angalia sentensi ya mwisho inavyowarudisha kwenye kazi. Swali litakalofuata huenda likawa juu ya kupima joto, na hapo uko nyumbani.

Wakisukuma zaidi, "mlikorofishana?", una njia mbili. Ya kwanza ni kusema hukupewa sababu ya maandishi, na kwamba mliachana bila shauri lolote. Ni salama, lakini haiwaonyeshi chochote juu yako. Ya pili ni kusema: "Kulikuwa na zamu ambazo mimi na msimamizi tulitofautiana juu ya mzigo uliozidi joto. Mimi niliandika nilichopima, kama mpango wa kiwanda wa usalama wa chakula ulivyoagiza." Hiyo inakuonyesha ulivyo. Haimtaji mtu, haisemi fomu ilibadilishwa, haimshitaki yeyote. Lakini yupo atakayeisikia kama tishio, na unaweza kuikosa kazi kwa sababu yake. Siwezi kukuchagulia, kwa kuwa si mimi mwenye mtoto wa kulisha. Pengine uisome hali ya chumba siku hiyo. Ninachokuomba ni ufanye mazoezi ya zote mbili kwa sauti, mbele ya mtu, mpaka sauti isitetemeke kwenye neno "haukuendelezwa". Rekodi kwa simu usikilize.

Kuna karatasi moja itakayokusaidia kuliko picha zile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kama hukupewa, andika barua fupi kwa ofisi ya rasilimali watu ya kiwanda kile, peleka kwa mkono, baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Omba cheti tu, usitie neno jingine. Kisipotoka kabla ya Jumanne, beba mikataba yako miwili na hati za mshahara; zinathibitisha tarehe. Wadhamini wa kutaja si lazima bosi yule awemo: mwalimu aliyekusimamia mafunzo kwa vitendo anafaa, na mtu wa zamu nyingine aliyeona kazi yako anafaa. Wapigie kwanza, wasishtukizwe na simu.

Tuje kwenye vitendo, maana hapo ndipo mtu aliyefanya kazi kweli hujitenga na aliyesoma tu. Wanaweza kukupa themometa na kukuambia uihakiki kabla ya kuitumia. Ponda barafu, ijaze kwenye chombo, ongeza maji mpaka yafunike, koroga, zamisha ncha katikati bila kugusa kuta wala kitako, subiri namba itulie. Inapaswa kusoma 0, au karibu sana nayo. Wengi huharibu kwa kuweka maji mengi na barafu chache juu, au kwa kuacha ncha iguse chombo. Ukiulizwa kuhusu maji yanayochemka, kuwa makini: Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mtu anayesema themometa ni mbovu kwa sababu imesoma 96 hapa kwetu ameonyesha kwamba hajui.

Kwenye samaki mzima, choma sehemu nene, nyuma ya kichwa, mpaka ncha ikaribie uti wa mgongo. Chukua samaki wa juu, wa katikati na wa chini ya mzigo, na wale walio karibu na mlango wa lori. Safisha ncha kila unapohama. Sema kwa sauti unachofanya na kwa nini, usiwaachie wakisie. Kwa samaki mbichi kanuni ni joto linalokaribia la barafu inayoyeyuka, na ukomo unaotumika sana mapokezi ni nyuzi 4. Kwa waliogandishwa ni nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Lakini jibu zuri zaidi huanza na "ukomo ulioandikwa kwenye mpango wenu ni upi?" kwa sababu kila kiwanda kina wake.

Jiandae na swali la klorini, kwa kuwa watu huanguka kwenye hesabu. Tuseme una dawa ya klorini ya asilimia 5 na unatakiwa kutengeneza lita 20 za maji yenye miligramu 50 kwa lita. Unahitaji 50 mara 20, yaani miligramu 1,000. Dawa ya asilimia 5 ina miligramu 50 kwenye kila mililita. Gawanya, unapata mililita 20. Kosa la kawaida ni kuteleza nukta moja na kumwaga 200. Ukimalizia kwa kusema kwamba dawa iliyokaa kwenye joto hupungua nguvu, kwa hiyo ungethibitisha kwa karatasi za kupimia, watajua umewahi kusimama kwenye beseni la kunawia.

Kwenye maswali ya kuandika pitia kanuni saba za HACCP, yaani mfumo wa kudhibiti hatari kwenye chakula, kwa mpangilio wake: kuchambua hatari, kubaini vituo muhimu vya udhibiti, kuweka ukomo, kufuatilia, kuchukua hatua za marekebisho, kuhakiki, na kutunza kumbukumbu. Usizikariri tupu. Kila moja ifungie mfano kutoka mapokezi. Ukiulizwa hatari za sangara, taja bakteria kama Salmonella na Listeria, mabaki ya kemikali, na vitu kama mifupa au vipande vya chuma na plastiki. Histamini, ile sumu inayojitengeneza kwenye baadhi ya samaki wakikaa kwenye joto, wengi huitaja kwa mazoea, lakini hiyo ni hatari ya jodari na vibua. Sangara hayumo kwenye kundi lile.

Swali ambalo karibu litakuja kwa hakika ni hili: lori limefika na samaki wana nyuzi 9, utafanya nini? Najua moyo utaruka utakapolisikia. Vuta pumzi, jibu kama fundi. Ungeandika 9. Ungepima zaidi kujua ni mzigo wote au sehemu. Ungetenga na kuweka alama, ungefunika kwa barafu, ungemwarifu msimamizi, ungekagua ubichi wa samaki mmoja mmoja kisha ungefuata mpango unavyosema: kukataa, au kupokea kwa masharti yaliyoandikwa. Ungetafuta chanzo, barafu ilitosha? Kwa hali yetu ya joto safari ndefu hutaka barafu inayokaribia uzito wa samaki wenyewe. Na kama wakiuliza kwa nini usiandike tu 3 ili mambo yaende, unaweza kuwakumbusha kwamba kati ya 1997 na 1999 samaki wa Ziwa Victoria walizuiwa kuingia Umoja wa Ulaya kwa Salmonella, kisha kwa hofu ya kipindupindu, kisha kwa hofu ya viuatilifu, na kwamba soko lililofunguliwa tena linategemea kumbukumbu zinazoaminika. Hapo utakuwa umejibu lile swali la kuondoka bila kuligusa.

Nao pia waulize. Mwishoni watasema "una swali?" na watu wengi hutikisa kichwa. Uliza mtu wa QC anaripoti kwa nani: kwa meneja wa uzalishaji, au kwa meneja wa ubora asiye chini ya uzalishaji? Uliza QC wa zamu ana mamlaka ya kusimamisha mzigo usiku bila kumpigia mtu, na nani anasaini fomu ya joto baada yake. Mahali ambapo mtu wa ubora yuko chini ya yule anayedaiwa tani za kusafirisha, yaliyokukuta yanaweza kukukuta tena, hata kama watu ni wema. Majibu yao yatakupa kitu cha kupima, ingawa najua mwenye miezi saba bila mshahara hana anasa ya kuchagua sana. Unaweza kuipokea kazi huku ukijua unaingia wapi.

Kuhusu Kiingereza, uliza kwa simu usaili utakuwa kwa lugha gani. Kama ni Kiingereza, usijaribu kujifunza lugha nzima kwa wiki moja. Andika majibu kumi ya kazi yako, yasome kwa sauti kila asubuhi. Ukikwama unaruhusiwa kuomba swali lirudiwe.

Jina lililokosewa herufi, nenda kwa wakili akuandikie hati ya kiapo inayotaja maandishi yote mawili kuwa ni ya mtu mmoja. Kwa kiwanda binafsi hiyo kwa kawaida inatosha. Ukija kuomba serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira, matangazo yao hutaka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hawapokei hati za matokeo badala ya vyeti halisi, kwa hiyo jambo hili ni vizuri ulimalize mapema hata nje ya Jumanne hii.

Mshahara taja baada ya wao kutaja, ikiwezekana. Ukilazimika, taja wigo, na useme ni kabla ya makato. Ukiahidiwa 600,000, NSSF yako ya asilimia 10 ni 60,000, kodi inakokotolewa kwenye 540,000 na kwa viwango vilivyopo ni 24,000, unabaki na 516,000. Toa chumba na nauli, toa wa kukaa na mtoto zamu ya usiku, uone kama kuhamia Mwanza kunalipa au kunakula. Wakikuuliza kama una mpango wa kuzaa tena, jua kwamba sheria ileile ya 2004 inakataza ubaguzi kwa ujauzito na majukumu ya familia, hata kwa mwombaji kazi. Unaweza kujibu tu kwamba zamu zako zina mtu wa kukaa na mtoto, kama ni kweli.

Jumatatu njoo ulale Mwanza. Najua tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe hakuna tena kungoja kivuko, lakini kutoka Usagara, Buhongwa, Nyegezi mpaka uvuke mjini uende Ilemela asubuhi, foleni ya Mkuyuni pekee inaweza kukumaliza. Vaa nguo ya heshima na viatu vya kufunika vidole. Usipake rangi ya kucha wala manukato, acha hereni na pete nyumbani, nywele ziwe za kuingia chini ya kofia; wanaweza kukuvalisha gambuti na koti jeupe na kukuingiza ndani palepale, na mtu wa QC anayevua hereni mlangoni ameshapoteza alama. Beba vyeti halisi na nakala, NIDA, hati ya kiapo, kalamu mbili na kikokotoo kidogo, maana simu huenda wakaikusanya.

Wakimaliza, uliza majibu yatatoka lini. Siku hiyo ikipita, subiri siku mbili za kazi ndipo upige. Na ukipenda, niandikie maswali waliyokuuliza ambayo hukuyatarajia, na ni njia ipi kati ya zile mbili uliyoifuata.